Ameniomba radhi, na klabu inataka tupeane mikono mbele ya kamera

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mchezaji wa kulipwa wa soka, nacheza beki wa kushoto. Naomba jina langu, klabu yangu na nchi ninayochezea visitajwe.

Katika mechi yetu ya ligi ya hivi karibuni nilikuwa nikimkaba winga mmoja kwa muda wote. Tulivutana jezi na kurushiana maneno mawili matatu, mambo ya kawaida. Hayo nimeyazoea na mimi mwenyewe si malaika. Lakini kipindi cha pili, tukisubiri kona ipigwe, alifunika mdomo kwa jezi, akanisogelea sikioni na kunitamkia neno la kunidhalilisha kwa rangi yangu. Sitaliandika hapa. Nilipogeuka akalirudia. Nilimwendea mwamuzi papo hapo. Akasema hakusikia, ila atalitia kwenye ripoti yake, na mpira ukaendelea.

Usiku ule yule winga alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. Anasema zilikuwa hasira tu, maneno ya uwanjani yabaki uwanjani, ana marafiki wengi weusi na yeye hana roho hiyo. Kesho yake likatoka tamko Instagram kwa jina lake: kulikuwa na "kutoelewana", na "kama kuna yeyote aliyekwazika" anaomba radhi.

Kamati ya nidhamu ya ligi imefungua shauri, na litasikilizwa kabla ya mechi ya marudiano. Viongozi wa klabu zote mbili wamekutana bila mimi na kukubaliana turekodi video tukipeana mikono, kisha nitie saini karatasi kwamba nimepokea radhi na suala limekwisha. Mkurugenzi wa michezo wa klabu yangu hakunitisha. Alinikumbusha tu, kwa upole, kwamba mkataba wangu unakwisha msimu huu na hakuna klabu inayopenda mchezaji mwenye kesi. Beki mwenzangu wa kati alikuwa hatua chache kutoka pale. Nilipomuuliza kama alisikia, alijibu, "Achana nayo, kaka." Tangu hapo ananikwepa.

Mke wangu anasema nikikubali video hiyo nitakuwa nimemsafisha mtu aliyenichafua. Baba yangu anasema mtu akiomba radhi hupewa. Nikiwasikiliza, kila mmoja naona ana haki. Nikikataa nitaitwa mwenye kinyongo. Nikikubali nitawaonea haya vijana wa akademi wenye rangi kama yangu. Na kusema kweli, ile radhi naiona ya uongo. Nifanyeje?

Beki, jina limehifadhiwa

*

Marahaba mwanangu,

Pole sana. Kwanza nikwambie kwamba ulifanya jambo moja zuri kuliko unavyodhani: ulikwenda kwa mwamuzi mara moja. Malalamiko yaliyotolewa dakika ileile, kabla hujazungumza na mtu yeyote, yana uzito ambao hata wakili hodari hawezi kukutengenezea baadaye. Na hukumpiga. Machi 2021, Ondřej Kúdela wa Slavia Prague alimsogelea Glen Kamara wa Rangers, akaziba mdomo kwa mkono na kumnong'oneza sikioni. Kúdela alikana kutamka neno la kibaguzi, lakini UEFA ilimfungia mechi 10. Kamara naye alifungiwa mechi 3 kwa kumshambulia Kúdela baadaye kwenye njia ya kwenda vyumbani. Ukijizuia vile, hata kama damu ilichemka, kosa linabaki upande mmoja.

Nikiisoma barua yako naona umewekewa mambo matatu ndani ya karatasi moja: kusikia radhi, kusamehe, na kumaliza shauri. La kwanza ni lake yeye, awe nalo au asiwe nalo. La pili ni lako peke yako. Hakuna mkurugenzi wala baba anayeweza kukufanyia. La tatu si lako wala si lake, ni la kamati ya nidhamu. Ugumu unaousikia, kwa maoni yangu, unatokana na kuombwa uyatie saini yote matatu kwa mpigo. Hebu tuyatenganishe.

Unaandika kana kwamba ukisamehe shauri limekwisha, na ukitaka shauri liendelee hujasamehe. Je, ni lazima iwe hivyo? Januari 2019, mjini Durban, nahodha wa Pakistan wa kriketi, Sarfraz Ahmed, alinaswa na maikrofoni ya uwanjani akimtolea Andile Phehlukwayo wa Afrika Kusini maneno ya rangi. Aliomba radhi hadharani, akamfuata mwenyewe ana kwa ana, na upande wa Afrika Kusini ukapokea. Hata hivyo Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimfungia mechi 4. Juni 2024, Rodrigo Bentancur wa Tottenham alisema kwenye televisheni ya Uruguay kwamba Son Heung-min na binamu zake wote wanafanana. Son, nahodha wake, akaandika kwamba wamezungumza, wao ni ndugu, hakuna kilichobadilika. Novemba mwaka huohuo Bentancur alifungiwa mechi 7 na kutozwa pauni 100,000. Sijaona mtu aliyesema Son hakusamehe kwa sababu adhabu ilitoka, wala kwamba adhabu ilikosewa kwa sababu Son alisamehe.

Kwa hiyo baba yako anaweza kuwa na haki na mkeo pia. Wanazungumzia vitu viwili.

Sasa niulize: kwa nini haraka hii yote, kabla ya kikao? Kanuni za nidhamu za FIFA zinataka mchezaji anayepatikana na kosa la ubaguzi afungiwe angalau mechi 10. Mwongozo wa Uingereza huanzia mechi 6 hadi 12. Kanuni za ligi yako zitakuwa na kiwango chake. Zitafute uzisome mwenyewe, usisimuliwe. Karibu kila mahali, kukiri mapema na kujuta humpunguzia mtu adhabu, na tamko la aliyetukanwa kwamba ameridhika ni zawadi kubwa kwa wakili wa upande wa pili. Huenda viongozi wako wanakutakia mema kabisa. Lakini karatasi ile, katika mikono ya winga, ina thamani inayohesabika kwa idadi ya mechi. Ukijua hivyo, utajua pia kwamba una haki ya kuuliza yeye analeta nini mezani.

Unasema radhi yake ni ya uongo. Mimi nisingethubutu kuusemea moyo wake, na nakushauri na wewe usijichoshe nao. Maneno yenyewe yanatosha kupimwa. Radhi inayofaa hutaja kosa kwa jina ("nilikuita hivi"), humtaja mtendaji ("mimi"), hukubali kwamba liliumiza bila kuweka "kama", haitoi kisingizio, na husema kitakachofanywa kurekebisha. Tamko la Instagram halina hata kimoja: "kutoelewana" kunawagawia kosa nyote wawili, na "yeyote aliyekwazika" kunakufuta wewe kabisa. Ujumbe wa sauti ni mchanganyiko. Una visingizio tele, na hao marafiki weusi hukosi kuwasikia katika kila kisa cha namna hii. Lakini umetumwa kwako, na kwa sauti yake mwenyewe anasema zilikuwa hasira na ni maneno ya uwanjani. Maana yake kuna kilichosemwa. Tamko linadai mlielewana vibaya. Sauti haidai hivyo.

Hapo ndipo pa kupimia. Je, ndani ya kikao atakiri, au atakana? Mtu hawezi kukuomba radhi kwa jambo ambalo mbele ya jopo anasema halikutokea. Bentancur alijitetea kwamba maneno yake yalikuwa kejeli ya kumkosoa mtangazaji, na jopo likaona utetezi huo haupatani na radhi alizokwisha kuomba. Nawe unaweza, kupitia wakili au chama cha wachezaji, kuuliza swali hilo moja kabla hujajibu lolote kuhusu video: atakiri kwa maandishi kwa kamati? Jibu litakueleza mengi kuliko nia njema ya viongozi.

Nikueleze kisa kimoja kwa kirefu kidogo, kwa kuwa kinafanana na chako kuliko vyote. Aprili 1995, Michael Long wa klabu ya Essendon, mchezaji Mwaborijini (wa jamii ya wenyeji asilia wa Australia) wa soka ya kanuni za Australia, mchezo tofauti na soka yetu, alilalamika kwamba Damian Monkhorst wa Collingwood alimtukana kwa rangi yake. Ligi ikawakutanisha kwa usuluhishi, kisha ikawaketisha mbele ya waandishi wa habari, mkuu wa ligi akiwa katikati yao. Hakuna adhabu iliyotolewa. Ligi ilitangaza kwamba yamekwisha. Uso wa Long ulionyesha kwamba hayajakwisha, na baadaye hakuficha kutoridhika kwake. Hakunyamaza, na wachezaji wengine Waborijini walisimama naye. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo ligi ilipitisha Kanuni ya 30, ya kwanza ya aina yake huko, iliyoweka utaratibu rasmi wa malalamiko ya matusi ya rangi na dini. Usuluhishi haukuondolewa, ulibaki ndani ya kanuni. Kilichobadilika ni kwamba nyuma yake kukawa na baraza la kuamua pale unaposhindikana. Ubaya wa kikao kile cha waandishi haukuwa kule kukutana. Kamera zilifika kabla mwenye kidonda hajaridhika.

Ligi hiyohiyo, mwaka 2021, Taylor Walker wa Adelaide alifungiwa mechi 6 na kutakiwa kuchangia dola 20,000 za Australia kwa neno la kibaguzi alilomsema mchezaji Robbie Young. Radhi yake ikatolewa kwa video, na Young akiwa palepale pembeni yake. Wengi walikosoa jambo hilo hilo: kwa nini aliyetukanwa awekwe kwenye fremu kuubeba mzigo wa mwenziwe? Kwa hiyo mkeo hajatia chumvi. Video ya namna hiyo huishi miaka, nawe huna mamlaka ya kuihariri wala kuifuta.

Ukitaka, basi, kuna njia zaidi ya mbili ulizoziona.

Unaweza kukataa video na karatasi, ukaacha shauri liende, na ukajibu radhi yake kwa faragha. Maneno machache yanatosha: "Nimepokea ujumbe wako na nimeusikia. Kuhusu shauri, nitajibu nitakapoulizwa na kamati." Hujamsamehe kwa lazima, hujamfungia mlango. Hatari yake ni minong'ono ndani ya klabu, na hiyo siwezi kukuahidi kwamba haitakuwepo.

Unaweza kukubali kukutana naye, bila kamera, baada ya uamuzi kutoka. Wakati huo radhi haimpunguzii chochote, kwa hiyo akija, unajua amekuja kwa nini. Hatari: huenda asije.

Unaweza pia kukubali usuluhishi kabla ya kikao, iwapo kanuni za ligi zinauruhusu. Hapo uliza mapema, na upewe kwa maandishi, kama yatakayosemwa chumbani yanaweza kutumika kwenye kikao au la, maana mara nyingi hayawezi. Ingia na mtu wako. Angalia kifungu cha usiri: kikikuzuia kuongea maisha yako yote huku yeye akiruhusiwa kutangaza kwamba "mmeelewana", hakina usawa. Na sentensi ya "suala limekwisha" huna mamlaka ya kuiandika. Kwa kawaida shauri likishafunguliwa kamati ndiyo inayoliendesha, kwa hiyo saini yako haitalifuta. Itaudhoofisha ushahidi wako tu. Ukishasaini halafu ukaitwa kutoa maelezo, swali la kwanza la wakili wake litakuwa: "Si ulisema limekwisha?"

Au unaweza kufanya yote wanayotaka. Sitakucheka. Mtu mwenye mkataba unaoisha na familia ana haki ya kuchagua vita vyake. Ila ukichagua hivyo, chagua ukijua, na usikubali kuambiwa ni kwa sababu hilo ndilo jambo la kiungwana.

Njia yoyote utakayochukua, fanya haya leo. Kaa uandike maelezo yako: dakika ya mchezo, mlikuwa sehemu gani ya eneo la hatari, alikukaribia vipi, lugha aliyotumia, neno lenyewe, mara ngapi, ulijibu nini, ulimwambia nini mwamuzi. Hapa kwenye barua ulilisitiri neno, na ni sawa. Kule liandike lilivyo, herufi kwa herufi. Ambacho huna hakika nacho, sema huna hakika. Weka tarehe na saini, umpe wakili. Usizidishe hata kwa hasira. Mwaka 2011 Patrice Evra wa Manchester United alipoieleza televisheni ya Canal+ alisema Luis Suárez wa Liverpool alimtamkia neno la kibaguzi angalau mara 10. Ilimbidi baadaye aeleze kwamba ilikuwa namna ya kusema, na jopo likahesabu mara 7. Alishinda kwa sababu maelezo yake kwa jumla yalishikamana, ilhali ya Suárez hayakuwiana na video, na Suárez akafungiwa mechi 8. Lakini tundu dogo kama lile ndilo mawakili hulipanua.

Ujumbe wa sauti usiufute, na uhakikishe haupo kwenye mazungumzo yaliyowekwa kujifuta. Hifadhi nakala nje ya simu, piga picha skrini ikionyesha namba yake, tarehe na saa. Tamko la Instagram lipige picha pia, maana huhaririwa kimyakimya. Mwombe wakili aiandikie kamati kwamba picha zote za mechi zihifadhiwe, zikiwemo za kamera ambazo hazikurushwa hewani. Kwenye kona huwa kuna kamera zaidi ya moja zinazotazama lango, nazo huweza kufutwa zisipoombwa. Mdomo ulifunikwa, sawa, lakini kuufunika kwenyewe, kukusogelea, na namna ulivyogeuka ni ushahidi. Wakili awe wako, asiwe wa klabu. Klabu yako na wewe leo mna masilahi yasiyofanana. Chama cha wachezaji cha nchi unayochezea ndipo pa kuanzia, na FIFPRO, shirikisho la kimataifa la vyama hivyo, linaweza kukuelekeza ukikosa mlango.

Usihofu sana kwamba "hakuna aliyesikia". Kamati za michezo hazidai uhakika wa mahakama ya jinai. John Terry wa Chelsea aliachiwa na mahakama ya London Julai 2012 katika kesi ya kumtukana kwa rangi Anton Ferdinand wa QPR. Miezi miwili baadaye shirikisho la soka la Uingereza lilimtia hatiani kwa tukio lilelile, mechi 4 na pauni 220,000, kwa sababu kipimo chake ni kipi kinaelekea zaidi kuwa kweli.

Sasa huyo beki wa kati. Umemhesabu kuwa amekutupa. Inawezekana. Inawezekana pia hakusikia vizuri na anaona haya kukwambia, au naye amekumbushwa kwa upole kuhusu mkataba wake. Usimfuate tena kumuuliza alisikia nini, wala usimsimulie ulichosikia wewe. Upande wa pili utasema mmepanga. Mwache wakili aombe kamati imwite. Wenzako wa timu wanaweza kukosea vibaya na bado wakarudi: wachezaji wa Liverpool walivaa fulana za kumuunga mkono Suárez mwaka 2011, na Jamie Carragher alimwomba Evra radhi kwa hilo mbele ya kamera mwaka 2019. Miaka minane ni mingi, najua.

Kuhusu vijana wa akademi, sina hakika kwamba wanasubiri kuona kama utashika mkono au utaukataa. Yawezekana wanachotazama ni kama mtu anaweza kulalamika na bado akacheza Jumamosi inayofuata. Waulize wawili watatu, huenda ukashangaa.

Mkataba nao usiuache ukining'inia kama tishio lisilo na sura. Alichokuambia mkurugenzi kiandike pia, maneno na tarehe, bila kumtangaza. Kisha mwombe, kwa barua pepe fupi ya heshima, akutumie pendekezo la video na karatasi kwa maandishi ili wakili wako alipitie. Mara nyingi jambo linalosemwa kwa upole mlangoni hubadilika likitakiwa kuandikwa.

Mwisho ni mechi ya marudiano yenyewe. Kupeana mikono kabla ya mechi kunaweza kuondolewa: QPR na Chelsea walipokutana Kombe la FA Januari 2012, kesi ya Terry ikiwa bado haijasikilizwa, wachezaji hawakupeana mikono kabisa, na mzigo ukawa wa ratiba badala ya kuwa wa Ferdinand. Nahodha wako amwombe kamisaa wa mechi hilo siku kadhaa kabla, si kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Mwambie kocha sasa kama huna hakika utaweza kumkaba mtu huyo kwa dakika 90, na daktari wa timu kama usingizi umepotea. Likirudiwa uwanjani, pishanisha mikono kwenye vifundo vya viganja kumwonyesha mwamuzi. Ishara hiyo FIFA iliitangaza mwaka 2024, nayo inaanzisha utaratibu wa hatua tatu: kusimamisha mechi, kuiahirisha kwa muda, na kuivunja. Muulize kamisaa mapema kama ligi yenu inaitumia.

Niandikie tena kamati ikishaamua, hata kama utakuwa umefanya kinyume cha yote niliyoyasema.

Shangazi